Resini ya Faiba na Kichocheo Chake: Tathmini ya Ununuzi Wangu Kampala

Ninaendesha karakana ndogo ya kutengeneza na kukarabati boti za faiba pale Masese, Jinja, na kwa ajili ya kazi hiyo hununua resini ya poliesta, yaani plastiki ya majimaji inayoganda ikawa ngumu, mikeka ya nyuzi za kioo na kichocheo cha kuigandisha resini mara kadhaa kila mwaka. Mwanzoni mwa msimu uliopita wa mvua nilinunua kwa mara ya kwanza katika duka moja la kemikali lililoko eneo la viwanda la Kampala, nikiwa na kazi ya kuziba pua ya boti ya abiria iliyopasuka kwenye mwamba. Tathmini hii inahusu bidhaa nilizonunua siku ile na huduma niliyopewa. Jina la duka sitalitaja, kwa sababu kasoro nitakayoieleza nimeiona pia katika kaunta nyingine, na ninachotaka fundi mwenzangu akijue ni namna ya kuikagua bidhaa kabla hajaimwaga juu ya kazi ya mtu.

Nianze na mazuri, kwa kuwa ni mengi. Dada aliyenihudumia hakukimbilia kunitajia bei. Aliniuliza kwanza, "Mzee, boti hiyo italala majini, au itavutwa ufukweni kila jioni?" Nilipomjibu kuwa italala majini miezi mingi, aliondoa mkono wake kwenye debe la resini ya kawaida, ambayo hutengenezwa kwa asidi ya othofthaliki, akaniambia nichukue ile ya isofthaliki ingawa bei yake iko juu. Ushauri huo ulikuwa sahihi kabisa. Resini ya kawaida inafaa paa, bodi za magari na vyombo vinavyokaa pakavu, lakini ikikaa ndani ya maji kwa muda mrefu, maji hupenya polepole, huchanganyika na mabaki ya kemikali ndani ya plastiki, na mwishowe uso wa boti hutoka malengelenge. Resini ya isofthaliki hustahimili maji vizuri zaidi. Ni wauzaji wachache wanaouliza swali kama lile kabla ya kupokea pesa, na kwa hilo pekee duka hili lina heshima yangu.

Debe lenyewe lilikuwa la kilo 25, limefungwa kwa lakiri ya kiwandani, lina namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya mwisho ya matumizi. Tarehe hizo si mapambo. Resini ya poliesta ni kimiminika kinachongoja kuganda. Ndani yake kuna kemikali ya kuizuia isigande yenyewe, na kemikali hiyo hupungua kadiri debe linavyokaa, hasa ghala likiwa na joto. Kwa kawaida maisha yake ni miezi michache tu, na nimewahi kufungua debe la zamani la muuzaji mwingine nikakuta mabonge mazito kama ute wa bamia. Hili lilikuwa jipya, lina rangi ya waridi iliyofifia, linatiririka bila vipande. Mizani ya duka ilikuwa na stika ya ukaguzi ya Shirika la Viwango la Uganda, na nilipopima upya karakanani, uzito ulikuwa kamili. Mikeka ya nyuzi, ile ya gramu 450 kwa mita ya mraba, ilihifadhiwa juu ya mbao ikiwa mikavu. Sina la kulalamikia hapo.

Tatizo lilianza kwenye kichocheo.

Kichocheo cha resini hii ni methili ethili ketoni peroksidi, ambayo kwenye chupa huandikwa MEKP na mafundi wengi hapa huiita katalisti au hadina. Nilihitaji chini ya nusu lita. Kwa kuwa kiwandani hufungwa katika vyombo vikubwa zaidi, duka huimimina katika chupa ndogo kwa ajili ya wanunuzi wa rejareja. Chupa niliyopewa ilikuwa ya plastiki angavu iliyowahi kuwa na maji ya kunywa, haina karatasi yoyote ya maelezo, haina tarehe, na ilitolewa kwenye rafu iliyo kando ya dirisha ambapo jua la mchana huingia moja kwa moja. Nilipoishika niliona ubavu wake umevimba kidogo. Nilipolegeza kifuniko nikiwa Jinja, kilitoa mlio mfupi wa hewa inayotoroka. Ishara hizo mbili zilitosha kunionya, na nakiri kwamba sikuzitilia maanani, kwa sababu resini ilikuwa nzuri mno na dada yule alikuwa ameniridhisha kwa maarifa yake.

Nilitandika matabaka matatu ya mkeka kwenye eneo la takribani mita mbili za mraba, nikatumia karibu kilo sita za resini, kila kilo nikiipimia kichocheo kwa asilimia 1.5. Jioni kazi ilikuwa bado laini. Siku ya pili ukucha wa kidole gumba uliacha alama ya mwezi mwandamo kwenye kila mahali nilipobonyeza, na harufu kali ya stairini, kimiminika kilichomo ndani ya resini, ilikuwa bado imejaa karakanani, dalili kwamba sehemu kubwa ya stairini ilikuwa haijaungana na chochote. Siku ya tatu hali ilikuwa ileile. Nilibandua matabaka yote kwa kikwangulio, nikasafisha kwa asetoni, nikaanza upya kwa msasa. Mwenye boti alikosa mapato ya siku zote hizo.

Hapa ni lazima nitofautishe mambo mawili ambayo mafundi wachanga huyachanganya. Uso wa poliesta uliokomaa unaweza kunata kidogo juu kwa juu hata kama kila kitu kimekwenda sawa, kwa sababu oksijeni ya hewani huzuia mmenyuko pale resini inapogusana na hewa. Ndiyo maana katika tabaka la mwisho huongezwa nta kidogo, ambayo huelea juu na kuikinga resini isiguswe na hewa. Kunata huko huondoka kwa msasa, na chini yake utakuta plastiki ngumu yenye mlio ukiigonga kwa sarafu. Kazi yangu haikuwa hivyo. Ilikuwa laini mpaka chini, na sarafu ilitoa sauti butu kama ya kugonga ngozi mbichi.

Kabla ya kurudi Kampala nilifanya jaribio ambalo nilipaswa kulifanya siku ya kwanza. Nilipima gramu 100 za resini ileile katika vikombe viwili vya plastiki, kipimajoto cha karakanani kikionyesha nyuzi 24 za Selsiasi. Katika kikombe cha kwanza nilitia gramu 1.5 za kichocheo cha chupa ile. Katika cha pili nilitia kiasi hichohicho cha kichocheo nilichoazima kwa fundi jirani, kilichokuwa katika chupa ya kiwandani isiyopenyeza mwanga, yenye kifuniko cha kupumua, yaani kinachoruhusu gesi kutoka. Resini yenye kobalti, chumvi ya metali inayoharakisha kuganda, hubadilika rangi ikipata peroksidi hai: ile ya waridi huingia ukijani wenye ukahawia mara tu unapokoroga. Kikombe cha pili kilibadilika mbele ya macho yangu, kikaganda baada ya dakika 22, kisha kikapata joto ambalo mkono haukuweza kuvumilia. Kikombe cha kwanza kilibadilika kwa mbali tu. Kiliganda baada ya dakika 50 na zaidi, hakikupata joto la maana, na kesho yake kijiti kilizama ndani yake bila shida. Debe lilikuwa moja, saa zilikuwa zilezile, mizani ilikuwa moja. Resini haikuwa na kosa lolote.

Sababu yake inaeleweka ukijua kinachotendeka ndani ya kikombe. Tunapozoea kusema resini "imekauka" tunajipotosha wenyewe, kwa maana hakuna maji yaliyotoka. Resini ni minyororo ya poliesta iliyoyeyushwa katika stairini, na ili iwe ngumu ni lazima stairini iifunge minyororo hiyo pamoja kama kamba zinazofumwa kuwa wavu. Molekuli ya peroksidi huvunjika na kutoa vipande vyenye njaa ya kuungana, vipande hivyo hufungua viungo vya stairini na poliesta, na kazi ya kufuma huanza. Lakini vipande hivyo havirudi. Hubaki vimeshikamana kwenye ncha za minyororo, ndani ya plastiki, kwa maisha yote ya boti.

Kwa hiyo kile tunachokiita kichocheo, kwa maana kamili ya kemia, si kichocheo. Mwanakemia wa Uswidi Jöns Jacob Berzelius alipoipa dhana hii jina la katalisisi mwaka 1835, alikuwa akizungumzia vitu vinavyoamsha mmenyuko bila vyenyewe kutumika. Peroksidi hutumika na kwisha. Kichocheo halisi ndani ya debe letu ni kobalti, ile chumvi ya zambarau ambayo watengenezaji wengi huichanganya kabisa katika resini kabla ya kuiuza. Kobalti huipa peroksidi elektroni moja na kuivunja bila kuhitaji moto, kisha hujipatia elektroni nyingine kutoka kwa molekuli nyingine ya peroksidi, na kuanza tena tangu mwanzo. Kwa kuwa haiishiwi na nguvu yake, kiasi kidogo mno hutosheleza debe zima. Bila hiyo, peroksidi ingehitaji kupashwa joto ndipo ivunjike kwa kasi inayofaa.

Haya nayasema kwa sababu yana faida ya moja kwa moja mfukoni. Kwa kuwa peroksidi huliwa na kazi, ni lazima iwepo ya kutosha na iwe hai. Ikiwa jua la dirishani limekwisha kuivunja ndani ya chupa, na gesi zake ndizo zilizovimbisha ubavu, basi hakuna kobalti itakayoirejesha. Wala haifai kuongeza kipimo cha kichocheo dhaifu mpaka asilimia nne au tano kama fundi mmoja alivyonishauri. Ndani ya chupa hiyo mna pia mafuta ya ftalati yaliyowekwa kuipunguza ukali peroksidi, na maji kidogo. Hivyo havishiriki katika kufuma wavu. Ukiongeza kichocheo unaongeza na vitu hivyo, navyo hubaki ndani vikilainisha plastiki. Kwa upande mwingine, kichocheo kizuri kikizidi asilimia tatu, joto la mmenyuko hupanda kupita kiasi na kazi hutoka na nyufa, tena huwa na uvunjikaji wa kioo. Chini ya asilimia moja, resini inaweza isikomae milele hata ikikaa mwaka. Uwanja wa fundi ni kati ya asilimia moja na mbili, na ndani ya uwanja huo hali ya hewa ndiyo inayoamua. Kando ya ziwa asubuhi huwa na baridi ya nyuzi 18 hivi, na mchana hufika 28. Tofauti ya nyuzi kumi kwa makadirio huongeza kasi ya mmenyuko mara mbili. Mimi hutia karibu asilimia mbili alfajiri na karibu moja saa nane mchana, na mchanganyiko sibakishi ndani ya ndoo, huumwaga katika sinia pana, maana ukirundikana hujipasha wenyewe moto mpaka kutoa moshi.

Nilipouliza kipimo dukani, nilielekezwa nitumie "kifuniko kimoja kwa kilo moja". Hiki ni kipimo ambacho duka lingepaswa kukiacha, kwa kuwa vifuniko vya chupa havilingani. Bomba la sindano la mililita 10 kutoka duka la dawa, bila sindano yenyewe, ni rahisi na linatosha kabisa: kilo moja ya resini inahitaji kati ya mililita 10 na 20.

Lipo jambo zito zaidi, na hili sikulitarajia katika duka lenye mtu mwenye ujuzi. Niliomba pia kobalti kidogo ya ziada kwa ajili ya siku za baridi. Nilipewa chupa ya kobalti na chupa ya kichocheo zikiwa zimelazwa pamoja ndani ya mfuko mmoja wa karatasi, vifuniko vyote viwili vikiwa vya kuzungusha tu. Vitu hivyo viwili vikikutana moja kwa moja, bila resini katikati yao, hulipuka. Kobalti hukorogwa kwanza ndani ya resini mpaka ienee yote, ndipo baadaye peroksidi huongezwa peke yake, kwa kijiti kingine. Nilizitenganisha palepale kaunta, nikamweleza dada kwa utaratibu, naye alipokea maelezo kwa unyenyekevu na kuniletea sanduku la pili. Njiani, kilomita 80 za kurudi Jinja kwa pikapu ya kukodi, kichocheo kilikaa kivulini peke yake, mbali na kobalti na mbali na debe.

Vilevile duka haliuzi miwani ya kinga, wala hakuna tangazo lolote ukutani kuhusu macho. Tone la MEKP jichoni linaweza kumpofusha mtu. Likiingia, maji safi yamiminwe jichoni mara moja, bila kungoja, kwa dakika 15 au zaidi, huku mtu akipelekwa hospitali. Wasaidizi wangu wawili ni vijana, na hakuna anayeruhusiwa kugusa chupa ile bila miwani na glavu. Duka linalouza kichocheo kwa rejareja lingeweza kuweka miwani ya bei ndogo kando ya chupa, na naamini wengi wangeinunua wakiambiwa sababu.

Inaniuma zaidi nikifikiria safari ambayo resini ile imepitia kabla ya kufika Kampala. Stairini yake ilitengenezwa kwa kupitisha ethilibenzini pamoja na mvuke wa maji juu ya oksidi ya chuma iliyochanganywa na potasiamu, katika joto la nyuzi zipatazo 600. Anhidridi ya maleiki, ambayo ndiyo huipa poliesta viungo vya kufumwa, siku hizi hutokana zaidi na gesi ya butani iliyooksidishwa juu ya kichocheo cha vanadi na fosforasi. Hata anhidridi ya ftaliki ya ile resini ya bei nafuu hupita juu ya oksidi ya vanadi. Huko viwandani vichocheo hulindwa dhidi ya uchafu na joto lililozidi kipimo, kwa kuwa vikiharibika uzalishaji wote husimama. Bidhaa iliyotunzwa kiasi hicho katika kila hatua inakuja kuharibikia kwenye hatua ya mwisho kabisa, katika chupa ya maji iliyoachwa dirishani.

Nilirudi dukani na vikombe vyangu viwili. Meneja alivitazama, akavibonyeza kwa kalamu yake, hakubishana. Alinipa chupa nyingine aliyoimimina mbele yangu kutoka kwenye chombo cha kiwandani kilichokuwa chumba cha nyuma penye ubaridi, na kichocheo hicho kiligandisha kikombe changu cha majaribio kwa dakika 21. Kilo sita za resini zilizopotea hakuzilipa, na siku nilizozipoteza pia hazikutajwa. Naona angalau resini ingefidiwa, kwa sababu hasara haikutokana na uzembe wa mnunuzi.

Kwa resini na mikeka nitaendelea kununua pale, na ushauri wa dada yule kuhusu aina ya resini naupendekeza kwa yeyote anayejenga chombo cha kulala majini. Kwa kichocheo, nachukua tu kilichomiminwa nikiona, katika chupa isiyopitisha mwanga ninayokuja nayo mwenyewe, na kila chupa naijaribu kwa gramu 100 kabla ya kugusa boti. Mara ya mwisho nilipopita, chupa zilikuwa zimeondolewa dirishani na kuhamishiwa rafu ya chini, na kila moja ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito tarehe iliyomiminwa. Tarehe ya kutengenezwa kiwandani ilikuwa bado haijaandikwa, na vifuniko vilikuwa bado vilevile vya chupa za maji.